Usilizime Likiwa Baridi

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika mchana ule. Magari yalipangana mpaka barabarani na kila dereva alipiga honi kana kwamba honi ndiyo inayosukuma petroli. Fundi alikaa nyuma ya pikapu ya mjomba wake, amekumbatia roli la sponji refu kuliko yeye, gauni lake la njano limejaa vipande vya nyuzi. Yeye na mjomba walishona viti vya magari. Mjomba alikata na kuongea na wateja, yeye alishona, na wako wateja waliodhani binti yule ni bubu. Hata dukani aliomba chumvi kwa kunong'ona.

Ndipo likaingia gari jekundu la Kijapani, fupi, la zamani, limelala chini kama paka anayenyatia. Halikunguruma kama mengine. Lilivuma, sauti nyembamba ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Wingu lilikuwa limeshuka, dereva akawasha taa. Taa za gari lile zilikuwa zimezama ndani ya boneti, na zikiwashwa ndipo huinuka. Ya kushoto ikainuka. Ya kulia ikatetemeka, ikakataa, ikabaki imefumba.

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakikamata.

Dereva akashusha kioo. Alikuwa kijana mrefu aliyejikunja ndani ya kigari kile, shati jeupe limepigwa pasi, mfukoni nembo ya shule ya udereva.

"Unanicheka mimi au gari?"

"Gari."

"Limekufanya nini?"

"Limenikonyeza."

"Lisamehe, dada. Lina adabu zote, ila likiona mzuri linajisahau."

Fundi akaficha uso nyuma ya sponji. Mjomba, aliyekuwa anafunga kifuniko cha tangi, akageuka.

"Kijana, huyo ana mjomba."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Salamu nimepokea, mpwa sijatoa."

Watu wa foleni wakacheka. Kijana naye akacheka, kisha akaliona lile roli. "Hiyo sponji ni ya viti? Maana vyangu vimechanika mpaka spring zinanichoma."

"Mlete," Fundi alisema, akaona aibu palepale. "Yaani, lilete."

*

Akalileta, na hakuacha kulileta. Wiki hii kiti cha dereva, wiki ijayo cha abiria, halafu mlango, halafu mlango wa pili ambao haukuwa na ubaya wowote. Kazini alifundisha watu kuendesha kigari kizee cha shule, siku nzima akikanyaga breki ya akiba iliyowekwa upande wake, na jioni aliwasili karakana na jekundu lake, limepata joto la njiani, linavuma. Fundi alimwita Mwalimu. Mjomba alimwita Huyo.

"Huyo wako amekuja. Leo kimeharibika nini, king'amuzi cha mapenzi?"

Mwalimu alifungua boneti akamwonyesha. Injini ilikuwa ndogo, ungeweza kuikumbatia.

"Hii haina pistoni," alisema. "Injini nyingine vyuma vinapanda na kushuka, vinagombana. Humu ndani kuna kitu cha pembe tatu kinazunguka tu. Kinazunguka, kinazunguka, hakichoki."

"Kama wewe na karakana yetu."

"Ndiyo. Kama mimi na karakana yenu."

Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Baba alilinunua kwa mtu aliyelichoka, akalitunza miaka yote, kila Jumapili akilipima oili kwa kuwa lilikunywa oili kidogo kidogo, na si ugonjwa, ndivyo lilivyoumbwa. Kabla hajafariki aliomba jambo moja: binti yake, dada wa Mwalimu, siku ya kuolewa apelekwe na gari lile. Viti vilishonwa kwa ajili ya siku hiyo.

"Baba alisema kila siku lipige kelele mara moja," Mwalimu alisema. "Ukilibembeleza tu, linajaa masizi ndani. Lazima ulikanyage mpaka lilie, likishapata joto."

"Likinyamaza sana linaharibika?"

"Linaharibika." Akamtazama. "Na watu wengine vilevile."

Fundi akainama kwenye cherehani yake. Usiku ule hakupata usingizi wa maana.

Baada ya hapo simu ndiyo ikawa chakula. Mwalimu alipiga kila mchana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wewe unapima mafuta au unanisalimia?"

"Sema tena hivyo hivyo. Unavyosema kwa simu huwezi kusema ukiniona."

Ilikuwa kweli. Kwenye simu hakuwa na uso wa kuficha. Mwalimu alimfundisha pia udereva Jumapili asubuhi, kwa kigari cha shule, kwenye uwanja mtupu. Klachi, gia, breki. "Taratibu, mpenzi, hilo si cherehani." Akajua kulitoa gari, kulisogeza, kulisimamisha, na akajiona ameota pembe.

Halafu ikaja habari. Mwalimu alipata kazi mji wa mbali, kufundisha madereva wa malori. Harusi ya dada yake ingekuwa Jumamosi, na Jumapili angeondoka na jekundu lake.

Walikuwa wamekaa ndani yake, kwenye viti vipya, harufu ya ngozi imewazunguka. Fundi alipitisha kidole juu ya mshono wake mwenyewe.

"Natamani lisiwake," alisema. "Siku hiyo ya kuondoka. Ugeuze ufunguo, likatae."

Mwalimu akacheka, akambusu kiganja. Hakuna aliyeliwazia tena neno lile.

*

Gari lilibaki karakana kwa kazi ya mwisho, zulia la chini, na ufunguo akaachiwa Fundi. Ijumaa alasiri lilikuwa uani, vioo vimeshushwa gundi ikauke, mjomba ametoka na pikapu. Mvua ikaanza bila kubisha hodi. Fundi aliona matone makubwa yakianguka juu ya ngozi mpya. Vioo vilikuwa vya kuzungusha, tena kimoja kimekwama. Akaingia, akawasha, akatia gia, akaliingiza chini ya paa, hatua chache tu. Moshi wa bluu ukajaa kibanda. Akalizima haraka, akafuta viti kwa gauni lake, moyo unamdunda kwa furaha. Ameendesha gari la Mwalimu. Yeye, peke yake.

Hakumpigia. Alitaka amwambie uso kwa uso, aone atakavyoshangaa.

Asubuhi Mwalimu alikuja na suti ya kijivu, tai nyekundu, mkononi riboni nyeupe ya kufunga kwenye boneti. Fundi alikuwa amevaa gauni la bluu alilojishonea, lenye mikono ya lesi. Mwalimu alisimama akamtazama kwanza, akasahau riboni.

"Leo bibi harusi ataona wivu."

"Kawahi. Wanakusubiri."

Akakaa, akageuza ufunguo. Gari likakohoa. Akageuza tena. Likakohoa, likatoa harufu kali ya petroli, halikuwaka. Aligeuza mpaka betri ikaanza kunong'ona, mpaka ikanyamaza kabisa. Simu yake ililia, akakata. Ikalia tena.

Akatoka. Uso ulikuwa umebadilika.

"Nani ameliwasha?"

"Mimi," Fundi alisema, na bado alikuwa anatabasamu. "Jana. Nililiingiza ndani."

"Ukalizima palepale."

"Ndiyo."

Mwalimu alitazama riboni mkononi. Alipoongea sauti ilikuwa ya chini. "Si ulisema unatamani lisiwake?"

Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, ya mvua na viti na kioo kilichokwama, lakini yalijazana kooni kama watu mlangoni, hakuna aliyeweza kutoka. Mwalimu alisubiri. Kisha akaweka riboni juu ya boneti, akatoka mbio kutafuta teksi.

Dada yake aliolewa akiwa amepelekwa na gari la jirani. Jumapili Mwalimu aliondoka na basi.

*

Gari likabaki kibandani. Hakuna aliyelifuata, na mjomba hakuuliza. Fundi alilishonea shuka la kitambaa kizito, kwa vipimo vya mkono, likalikaa kama nguo ya kujishonea. Jioni, kazi ikiisha, alilifunua upande mmoja akaingia akakaa kiti cha abiria. Kiti cha dereva hakukikalia. Kilikuwa kimebonyea kidogo pale Mwalimu alipozoea kuegemea, na yeye, aliyejua kuinua sponji yoyote iliyobonyea, hakuigusa.

Simu ilikaa mapajani. Mara nyingi alitafuta namba, akaitazama, akaiacha. Angesema nini? Mtu akishakuamini kwa ubaya, kila neno lako linakuwa utetezi. Mchana ulipofika saa zile za "umekula, laazizi", cherehani yake ilisimama yenyewe.

"Mpigie," mjomba alisema siku moja, bila kuinua macho kwenye mkasi.

"Nimpigie nani?"

"Huyo."

"Hana haja na mimi, mjomba."

"Haya. Basi na mimi sina haja na uji wako usio na sukari. Mwezi mzima unasahau sukari."

*

Mchana mmoja aliingia mwanamke mwenye kucha nyekundu na miwani mikubwa ya jua, amebeba betri kama mtu anayebeba mtoto.

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ndiye bibi harusi uliyenipandisha gari la jirani." Akaweka betri chini. "Usiniangalie hivyo, wifi, sikuja kugombana. Gari la jirani lilikuwa na kiyoyozi. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Kaka yangu aliwahi kukuambia gari hili halizimwi likiwa baridi?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

"Aliniambia mambo ya oili. Na kulikanyaga lilie. Hilo hakuniambia."

"Nilijua." Yule dada akakaa juu ya roli la sponji. "Sisi baba alitufundisha tukiwa wadogo. Ukiliwasha, liache mpaka lipate joto. Ukilizima likiwa baridi linapaliwa na petroli. Kaka anadhani kila mtu amezaliwa anajua. Na wewe ulikuwa hulioni likiwa baridi, si ndiyo? Kila akija hapa lilikuwa limetoka njiani."

"Kila siku limepata joto," Fundi alisema polepole.

"Jana ananilalamikia kwenye simu, nikamuuliza, 'Ulimwambia?' Akaanza habari za malori. Nikasema, 'Kaka, nakuuliza, ulimwambia?' Nikasikia anapumua tu. Na kwa nini uliliwasha?"

"Mvua," Fundi alisema. "Ilikuwa inanyesha juu ya viti vyako."

Yule dada akavua miwani. Akavua na pete, akamkabidhi mjomba. "Shika, mjomba. Nipe spana ya plagi."

Walifanya kazi wawili, mmoja na kucha nyekundu, mwingine na vidole vya sindano. Wakatoa plagi nne nyeusi kwa masizi, wakatia oili kidogo kwenye matundu yake, wakafunga plagi mpya na betri iliyojaa. Mjomba alisimama na pete kiganjani, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

"Kaa wewe," dada alisema.

Fundi akakaa kiti cha dereva. Kibonyeo kilikuwa kikubwa kwake. Akageuza ufunguo. Gari likakohoa, likatema moshi mlangoni, kisha wale nyuki wote wakaamka kwa pamoja.

Dada akampa simu yake kupitia dirishani. Ilikuwa tayari inaita.

"Dada?" Mwalimu alisema. Kisha akaisikia injini. "Hilo ni lenyewe?"

"Ni lenyewe," Fundi alisema.

Injini ikavuma kati yao.

"Usilizime," Mwalimu alisema. "Kuna mshale wa joto upande wa kushoto. Uache ufike katikati. Nilipaswa kukuambia toka siku ya kwanza."

"Ulipaswa."

"Na siku ile nilipaswa kukuuliza, si kukuhukumu. Nisamehe, laazizi. Huku nafundisha watu wazima kusimama kabla ya kugeuka, na mimi mwenyewe sikusimama."

"Nilitamani lisiwake," Fundi alisema. "Ni kweli. Lakini nililiingiza ndani kwa sababu ya mvua. Yote mawili ni kweli. Nilishindwa kusema yote mawili kwa pamoja."

"Umeyasema sasa."

"Nimeyasema." Akashangaa mwenyewe.

"Mwisho wa mwezi nina likizo. Nitakuja na basi. Nataka kumwona mjomba, na safari hii asinijibu salamu peke yake. Unanielewa ninachokuomba? Tukirudi huku, turudi wote, na hilo. Uendeshe wewe nusu ya njia."

Fundi akatazama nje. Mjomba alijifanya anasoma maandishi kwenye kopo la gundi, kalishika juu chini. Dada alikuwa amejishika kifua kwa mikono yenye oili. Maneno yakaanza kujazana tena kooni, kama siku ile.

Mshale ulikuwa umefika katikati. Akakanyaga mafuta. Gari likalia, likapanda, nyembamba, refu, mpaka vibati vya paa vikatetemeka na kengele ndogo kwenye dashibodi ikapiga kuwa imetosha. Kopo la gundi likamtoka mjomba mkononi. Na juu ya kelele hizo zote Fundi akasema, kwa sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia, "Ndiyo. Njoo."

Akaachia mguu. Injini ikatulia. Upande wa pili Mwalimu alikuwa anacheka, au analia, haikujulikana.

"Sasa ukiona mshale umefika, unaweza kulizima. Umefika?"

Fundi aliutazama mshale. Akakiegemea kile kibonyeo, akaibana simu vizuri sikioni.

"Bado," alisema. "Endelea kuongea."