Vidole vya Hazel

"Vifungue, Hazel. Ukivifungua tu, nitajua umenikubali."

Stuart alikuwa amepiga goti jikoni, pete mkononi. Hazel alitazama mkono wake wa kulia. Kidole cha kati kilikuwa kimepandishwa juu ya cha shahada, kama tufanyavyo huku kwetu tukitaka jambo liwe. Sisi huvipandisha kidogo, tukacheka, tukavishusha. Hazel, masikini, alivifunga kwa uzi wa sufu tangu Kieran, mchumba wake, alipopotelea kwenye mchanga wa ghuba, maji yamekupwa, akikokota nyavu za uduvi kwa trekta. Hata kulala alilala navyo hivyo. Aliamini siku akivifungua, Kieran amekufa.

Simu ikalia. Ujumbe wa dada yake: "Mpe jibu leo. Mtu ametulia, anakupenda, unataka nini tena?"

Na kweli Stuart alimpenda. Alikuwa rafiki wa Kieran, na ndiye aliyemtengenezea paa, akamletea kuni, akavumilia. Hazel alikuwa amechoka kulala peke yake. Akashika ncha ya uzi, akaanza kuuvuta.

Ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Ndipo ukasikika mluzi kutoka mchangani. Mara mbili. Kimya. Tena mara mbili.

Watu wa ghuba wote wanaujua. Ukungu ukikukuta huko nje, unapiga miwili, na aliye nchi kavu anakujibu mmoja, unaifuata sauti yake kabla maji hayajajaa. Kutojibu ni kuua.

Hazel alitia vidole mdomoni, vikamshinda kwa ule uzi.

"Usimjibu," Stuart alisema.

"Nisimjibu nani?"

Stuart aliinuka, akavuta pazia la dirisha.

"Stuart. Nisimjibu nani?"

"Ni upepo tu, mpenzi."

"Ungekuwa upepo, ungesema 'usiujibu'. Uliapa mbele ya watu kwamba siku ile Kieran alipopotea hukusikia chochote."

Mluzi ukaja tena, sasa karibu na ukingo wa shamba. Stuart akaanza kulia.

"Nilimsikia," alisema. "Alipiga mpaka pumzi zikamwisha. Nilikuwa nimesimama pale ukingoni, nimepandisha vidole nyuma ya mgongo, kama wewe."

"Ukiomba nini?"

"Asifike."

Muda wote huo Hazel alikuwa akiomba Kieran arudi, na pembeni yake, mezani pake, akiketi mtu aliyeomba kinyume. Akaukata uzi kwa meno. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akavinyoosha kimoja kimoja, akilia kwa maumivu. Kisha akafungua mlango, akavitia mdomoni, akapiga mluzi mmoja mrefu.

Nje kukawa kimya. Halafu akajibiwa, kutoka langoni.

"Funga mlango," Stuart alinong'ona. "Nakuomba, Hazel."

"Chukua pete yako uende."

"Niende wapi? Njia ni hiyo moja, na yeye yuko hapo."

"Basi mtapishana."

Nyayo zilisikika zikipanda njia ya kokoto, taratibu, zenye maji. Stuart alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Hazel akapangusa machozi, akaziweka nywele sawa.

"Ingia, mpenzi," aliuambia ukungu. "Yumo humu."