Zoraida Hakufiwa na Mtu

Mimi ni Eulalia. Mimi na mdogo wangu Zoraida tunasuka kofia za majani, tunaziuza katika soko la mji wetu wa Sígsig kila Jumapili.

Mwaka mmoja mlima uliporomoka, ukamfukia mume wangu, Belisario. Nilishindwa kula, nikashindwa kusuka. Majirani waliniletea supu ya viazi wakakaa nami. Nesi Remigia wa zahanati alinisikiliza kila wiki. Polepole nikainuka.

Mwaka uliofuata akaugua Zoraida. Mumewe mzima, watoto wazima, mahindi yamestawi. Lakini aliamka kila alfajiri moyo mzito. Chakula kikawa kama mchanga kinywani. Watoto wakicheka, hasikii raha.

Kwake hakuja jirani hata mmoja.

"Dada yako alifiwa," mama yetu alimsema. "Wewe umefiwa na nani? Uvivu tu huo!"

"Sijui, mama. Ningekuwa na sababu, ningekuambia."

Siku moja aliniambia, "Dada, mngepata nafuu kama nisingekuwepo."

Nilimshika mkono, tukaenda zahanati saa ileile. Mama akatufuata akinung'unika.

Remigia alimuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?"

Zoraida akaitika kwa kichwa. Mama akaacha kunung'unika.

"Lakini kapatwa na nini?" mama akauliza.

"Pengine hakuna kilichompata, mama," Remigia akajibu. " Huu ni ugonjwa wa sonona, huzuni nzito inayokaa moyoni. Wa Eulalia ulianzishwa na msiba. Mwingine huja bila tukio lolote la kuonekana. Na aliyeugua mara nyingi, hata jambo dogo linaweza kumrudisha chini. Wote ni wagonjwa, wote wanatibika. Mtu akiwa na homa, unamuuliza kwanza kama ana haki ya kuumwa?"

Kisha akauliza, "Katika ukoo yuko mwingine aliyewahi kuwa hivi?"

Mama akaketi kwenye benchi. "Mama yangu," akasema. "Alikuwa akijifungia chumbani. Tulimwita mvivu mpaka akafa."

Zoraida alipewa dawa, akapangiwa siku za mazungumzo na Remigia. Tuliiondoa nyumbani kwake sumu ya wadudu wa shambani, asiifikie, tukapeana zamu za kukaa naye. Wiki tatu hakuna nafuu.

"Naziacha dawa hizi," Zoraida akasema.

"Usiache," Remigia akamwambia. "Dawa hizi huchelewa kufanya kazi. Zikikusumbua, njoo kwangu."

Mwezi wa tatu wa matibabu nilimsikia akimgombeza mumewe kwa kuunguza wali, kama zamani. Sauti ilifika hadi barabarani. Mama alikuwa mlangoni kwangu, akasikiliza huku machozi yanamtoka.

Jirani aliyepita akamuuliza, "Kwani Zoraida alipatwa na nini?"

"Aliumwa," mama akajibu. "Sasa anapona."