Studio Iliyopotea kwenye Kompyuta ya Baba

Studio ilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na ua mdogo wa kuanikia nguo. Juu ya kamba za nguo ulipita waya mrefu mweusi. Waya huo ulitoka kwenye ruta ya nyumbani, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti, ukaingia studio kupitia tundu la dirisha. Mama aliulalamikia kila alipoanika mashuka. Hakujua kwamba riziki ya nyumba nzima ilipita humo.

Baba alikuwa mpiga picha. Kiharusi kilimshika akiwa kazini. Kilimwachia mguu usiomsikiliza, mkono wa kulia mzito, na maneno yanayotoka kwa kusitasita. Lakini macho yake yalibaki yaleyale. Alijua ngozi ya mtu ina rangi gani hata taa za studio zikidanganya. Basi wakamwekea meza chumbani, karibu na dirisha, na kompyuta juu yake. Akajifunza kushika kipanya kwa mkono wa kushoto.

Kazi ikaenda hivi. Binti yake alipiga picha studio. Alizihifadhi kwenye kompyuta ya studio, ndani ya folda ya pamoja, yaani folda ambayo kompyuta nyingine pia inaruhusiwa kuifungua. Kisha alisimama mlangoni na kuita, "Baba, zimeingia!"

Baba aligonga kioo cha dirisha kwa pete yake: ko, ko. Alifungua folda ileile kutoka chumbani, akazisafisha picha, akazihifadhi humohumo. Binti akazichapa. Wateja walidhani mashine ndiyo hodari.

"Mume wangu, si upumzike kidogo?" mkewe alimwambia.

"Nikipumzika... nitakuwa nani?"

Mkewe alikwenda jikoni. Alimletea chai.

Sasa, wateja wakisubiri picha hupenda kuchezea simu. Intaneti ya studio ikawa inakokota miguu. Binti akanunua ruta nyingine kwa ajili ya studio peke yake. Alifuata mchoro wa kwenye boksi. Ule waya mrefu aliuchomeka kwenye tundu la intaneti, lile lenye rangi tofauti. Kompyuta ya studio akaichomeka kwenye tundu jingine. Taa zikawaka kijani. Intaneti ikaenda mbio, na binti akajipongeza.

Kesho yake asubuhi aliita kama kawaida. "Baba, zimeingia!"

Kioo hakikugongwa. Aliita tena, kisha akavuka ua.

"Studio... haipo," baba alisema.

"Haipo vipi, baba? Mimi si nimetoka huko sasa hivi?" Binti alicheka.

Baba hakucheka. Alionyesha skrini. Mahali ambapo jina la kompyuta ya studio lilikuwa likionekana kila siku, palikuwa patupu. "Tangu... kile..."

"Umebonyeza pasipotakiwa, baba. Zima, halafu washa." Mtoto wa mteja alikuwa analia kule mbele. Binti akaondoka mbio kabla baba hajamaliza kusema.

Baba alizima, akawasha. Patupu. Akazima tena.

Binti alikagua kompyuta ya studio. Folda ilikuwepo. Picha zilikuwepo. Intaneti ilikuwepo. Akaenda jikoni, akanong'ona, "Mama, kwangu kila kitu kiko sawa. Nadhani baba ameanza kusahau."

Watu wazima tuna tabia mbaya. Tunaona ni rahisi kulaumu kichwa cha mgonjwa kuliko kulaumu waya. Na jikoni na chumbani, katika nyumba ile, palitenganishwa na ukuta mwembamba. Baba alisikia kila neno.

Siku za mwanzo alipambana. Kila asubuhi aliitafuta studio kwenye skrini. "Haipo," alisema kwa sauti.

"Ipo, umesahau tu njia," mkewe alimjibu kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Alisema kwa upole. Upole huo ulimuumiza baba kuliko kelele.

Kisha baba akaanza kutilia shaka mambo mengine. Aliuliza kama amekunywa dawa, na alikuwa amekunywa. Aliuliza kama leo ni jana. Alitazama mkono wake wa kushoto, mkono uliojifunza kazi upya uzeeni, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaacha kuwasha kompyuta. Akalala ameuelekea ukuta.

Jioni moja mkewe alikuwa akimpangusa mgongo. Baba akasema, "Labda... folda haikuwepo."

"Unasemaje?"

"Labda sikufanya kazi... yoyote. Labda niliota."

Mama aliacha kumpangusa. Aliinamisha uso kwenye beseni la maji na kulia bila sauti, ili asimsikie. Siku ya kiharusi alikuwa amezika nusu ya mumewe. Sasa aliona nusu iliyobaki inakwenda, na hakuna dawa ya kuizuia.

Studio nayo ilidorora. Binti alizisafisha picha mwenyewe, na nyuso zikatoka nyekundu kama nyanya. Wateja walizitazama, wakalipa, wasirudi tena.

Mwishowe baba mwenyewe alitoa hukumu. "Ondoeni... mashine. Mpeni mwenye akili."

Binti alileta boksi, akaliweka mlangoni mwa chumba. Hakuwa na moyo wa kuanza kupakia. Akarudi studio kumhudumia mteja.

Mteja huyo alikuwa jirani, fundi wa mitandao ya kompyuta hospitalini. Mtaa mzima humwita Bi Nyaya. Alikuja kuchukua picha yake.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Nyaya. "Mimi sijawahi kuwa mwekundu hivi, hata siku ya harusi."

Binti alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio. Akaeleza yote. Baba alisahau njia. Baba hakujua tena kilichokuwepo na kisichokuwepo. Boksi lilikuwa mlangoni.

Bi Nyaya alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Studio ilianza kumpotea lini?"

"Ile wiki tuliyoweka..." Binti aligeuka polepole, akaitazama ruta ya studio.

"Mtandao ukiharibika, swali la kwanza ni hilo. Nini kilibadilika?" alisema Bi Nyaya. "Uliwahi kukaa kwenye kiti cha baba yako ukajaribu kufungua folda mwenyewe?"

"Nilijaribu hapa. Hapa iko sawa."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twende."

Chumbani, Bi Nyaya alivuka boksi, akaamkia. "Shikamoo, mzee. Naomba uniambie ulichokiona."

Baba hakugeuka. "Nasahau... mimi."

"Sikuuliza unachosahau. Nimeuliza ulichokiona."

Baba alitafuta maneno. Binti alifungua mdomo amsaidie baba maneno. Bi Nyaya akamkanyaga mguu.

"Tangu... kile kidude... kipya," baba alisema. "Studio ikapotea. Siku... ileile."

"Haya," alisema Bi Nyaya. "Sasa tupime."

Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake ya namba. Bi Nyaya aliiwasha kompyuta ya baba, akamwonyesha binti pa kuisoma. Kompyuta ya baba ilisema 192.168.1.20. Walivuka ua. Ya studio ilisema 192.168.8.15. Binti aliziandika zote mbili kiganjani.

"Fungu la tatu halifanani," alisema binti. "Hapa moja, hapa nane."

"Maana yake hizi ni nyumba mbili. Kabla ya ruta mpya mlikuwa nyumba moja. Sasa kuna geti katikati, na ruta yako ndiye mlinzi. Anayetoka ndani, humruhusu. Anayegonga kutoka nje bila kuitwa, humrudisha. Hata jina la studio halivuki geti, ndiyo maana baba hakuliona."

Wakajaribu. Kutoka studio, waliita kompyuta ya baba kwa namba yake, yaani waliitumia ishara fupi na kungoja jibu. Ikaitika. Binti akakimbia chumbani, akakaa kwenye kiti cha baba, akaiita kompyuta ya studio kwa namba yake. Haikuitika. Akajaribu tena. Patupu, vilevile kama baba alivyosema.

Binti alibaki ameketi. "Baba," alisema, "haipo. Kweli haipo."

Baba aligeuka kutoka ukutani.

"Bi Nyaya, sasa nifungue milango yote ya ruta?" binti aliuliza walipokutana tena studio.

"Usithubutu! Geti lililo wazi humkaribisha hata mwizi. Ninyi ni familia moja, hamhitaji geti katikati. Ruta hii tuifanye kigawanyio tu, cha kugawa waya mmoja kwa vifaa vingi."

Kazi yote aliifanya binti kwa mikono yake, Bi Nyaya akiwa pembeni. Kwanza alifungua ukurasa wa mipangilio wa ruta mpya. Aliipa anwani inayofanana na za nyumbani, namba ambayo hakuna kifaa kingine kinachoitumia. Kisha akaizima kazi ya kugawa anwani. "Mgawaji awe mmoja, ile ruta ya nyumbani," Bi Nyaya alisema. "Wakiwa wawili, ni wapishi wawili chungu kimoja." Binti akahifadhi. Halafu akauchomoa waya mrefu kwenye tundu la intaneti, akauchomeka kwenye tundu la kawaida, pembeni ya waya wa kompyuta. Akaizima kompyuta ya studio, akaiwasha. Sasa namba yake ilianza kama ya baba, mpaka fungu la tatu.

"Bado ulinzi," alisema Bi Nyaya. "Folda iwe na neno la siri, alijue baba na wewe. Na wateja usiwape neno la siri la mtandao huu. Ruta ya nyumbani ina mtandao wa wageni. Uwashe, wapewe huo."

Binti akafanya hivyo, akampelekea baba neno la siri la folda, kisha akasimama mlangoni mwa studio. Aliita kama zamani. "Baba, zimeingia!"

Mama alitoka jikoni. Wote watatu walitazama dirisha. Kioo hakikugongwa.

Waliingia chumbani. Baba alikuwa ameketi mbele ya skrini. Jina la studio lilikuwepo. Folda ilikuwa wazi, na picha ya Bi Nyaya, nyekundu kama nyanya, ilikuwa imejaa skrini. Kipanya kilikuwa mkononi mwake, lakini hakukisogeza. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni.

"Kwa hiyo... sikusahau?"

"Hukusahau, mzee," alisema Bi Nyaya. "Uliona sawasawa tangu siku ya kwanza."

"Nisamehe, baba," binti alisema. Alipiga magoti, akakishika kile kiganja cha kushoto kwa kiganja chake chenye namba za wino. Mama alilisukuma boksi nje kwa mguu.

Msomaji, ukiwa na ruta mbili na faili zimekataa kuvuka, anza kwa kuuliza nini kilibadilika. Linganisha anwani. Jaribu kutoka pande zote mbili. Na kabla ya kumwambia mtu kwamba amesahau, kaa kwanza kwenye kiti chake.

Picha za studio zimerudia rangi zake, na wateja nao wanarudi mmojammoja. Binti akiita, kioo hugongwa. Lakini si mara moja kama zamani. Shaka ya siku zile ilimwingia baba ndani, na waya haukuitoa. Kila asubuhi, folda ikifunguka, anaitazama muda mrefu, halafu anaita.

"Mke wangu. Na wewe... unaiona?"

Mkewe hajibu kutoka jikoni siku hizi. Anaacha alichokishika, anafuta mikono, anakuja mpaka nyuma ya kiti, anainama na kutazama vizuri.

"Naiona," anasema.

Ndipo baba anagonga kioo.