Abiria Aliyegoma Kusafiri

Majirani walimwita Abiria, na jina likamkaa. Alikuwa fundi magari hodari, tena baba wa binti mmoja, lakini begi lake halikupoa. Mkewe akichelewa kazini, yeye hufungasha nguo akaenda kulala gereji. Kabla hajaachwa, anaacha yeye!

Mkewe alikuwa msusi. Jioni moja alichelewa, akamkuta mumewe mlangoni na begi lake.

"Safari ya wapi leo?"

"Umeshanichoka. Sema tu."

"Jamani, mteja alitaka nywele za kufika kiunoni! Ningemwacha na nusu kichwa?"

Abiria akainama avae viatu. Kimoja hakikuwepo. Binti yao alikuwa amekikumbatia nyuma ya pazia, analia.

"Unaona?" mkewe alisema kwa hasira. "Mtoto ameanza kulinda viatu vyako. Nenda ukamwone mshauri pale kliniki. Hutaki? Basi ukitoka tena, usirudi."

Alikwenda shingo upande.

"Mimi si mwendawazimu," alimwambia mshauri hata kabla ya kukaa.

"Wala sijasema hivyo," mshauri akajibu. "Uliwahi kuachwa?"

Swali lilimchoma, lakini akasimulia. Alipokuwa mdogo, mama yake alimwacha kwa shangazi, akasema angerudi kesho yake. Hakurudi. Kila jioni mtoto alikaa getini kumngoja.

"Mtoto aliyeumizwa hivyo hujiwekea kanuni moyoni: kila ninayempenda ataniacha," mshauri alieleza. "Wewe umekua, lakini kanuni haikukua. Hofu ikija, yule mtoto ndiye anayeshika usukani."

"Sasa nimfukuze?"

"Hapana! Ameshafukuzwa vya kutosha. Tumtulize, kisha usukani ushike wewe. Tiba hii inaitwa tiba ya skima. Tunaitafuta ile kanuni ya utotoni, tunaipinga, tunajifunza njia nyingine. Si kazi ya siku moja. Na ukiendelea kuondoka, binti yako ataibeba kanuni hiyohiyo."

Abiria aliinua kichwa. "Yeye? Thubutu! Haitampata."

Alipozoea kwenda, mshauri alimwambia afumbe macho arudi pale getini, safari hii akiwa mtu mzima. Angemwambia nini yule mtoto? Abiria alifumba macho. Kisha alilia bila kujificha.

"Hukukosea kitu, mwanangu. Wakubwa ndio waliokosea," alimwambia yule mtoto.

Miezi ilipita. Kuna wiki alishindwa, akalala gereji, akarudi kliniki kichwa chini. Mshauri hakumgombeza. Alimwita na mkewe, wakakubaliana: mke akichelewa, apige simu. Mume akiogopa, aseme anaogopa, asifungashe.

Ikafika jioni ambayo simu haikupigwa. Abiria alijaribu kupiga yeye, haikupatikana. Ile sauti ya zamani ikaanza: ondoka kabla hujaachwa.

"Siendi!" alisema kwa nguvu, hata binti akashtuka. "Kama ni kuachwa, niachwe nikiwa nyumbani kwangu! Mwanangu, lete vitunguu, tupike."

Chakula kilikuwa jikoni bado mkewe alipoingia, anahema. "Simu imeisha chaji, baba watoto. Naomba usi..."

"Nimeogopa sana," Abiria akamkatiza. "Nimekasirika pia. Lakini nipo."

Mkewe alimtazama, kisha akavuta kiti na kukaa.

"Kama upo," alisema, "nipakulie. Njaa inaniua."