Picha Mbili za Wegesa

Kila kitu kilikaa sawa kwenye kidirisha cha ile kamera, isipokuwa Wegesa.

Mama yake, Elieth, alikuwa na studio ya picha Sirari, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na kwenye kununua vitu alikuwa msumbufu kupindukia. Nyanya tu angezibonyeza mpaka muuzaji anune. Sasa Maduhu, kijana wa Kisukuma aliyekuwa akichimba dhahabu, alimletea kamera ya dijitali ya aina ambayo hakuwahi kuimiliki: ndogo, nzito, isiyokuonyesha picha kwenye skrini kabla ya kupiga. Unachungulia kidirishani. Katikati pana kimraba, na ndani ya kimraba hicho kila unachokitazama kina pacha wake hafifu pembeni. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wawili hao wawe mmoja, unabonyeza, na picha inatoka safi.

"Ni nzima, dada," Maduhu alisema. "Kaa nayo, ijaribu. Ukiridhika tutaongea."

Elieth hakuficha wasiwasi wake. Betri za kamera ile hazitengenezwi tena. Vihisi-mwanga vya umri huo huota madoa. Ikidondoka, vioo vya ndani vinahama, na fundi wa kuvirudisha hayupo Tarime nzima. Tena ilinuka udongo mbichi, kana kwamba imetolewa shimoni asubuhi hiyo. Lakini alipoijaribu kwa malori, kwa vibao vya maduka na kwa ng'ombe wa jirani, kila pacha alirudi mahali pake. Ndipo akamkalisha binti yake wa miaka saba kwenye kigoda mlangoni.

Pete ilifika mwisho. Wegesa wa pili alibaki pembeni, hatua nzima kutoka kwa yule wa kweli.

Kesho yake Elieth alivuka mpaka hadi Isebania, upande wa Kenya, kwa Brayan, fundi wa kamera. Brayan aliilenga ukutani, akailenga barabarani, akatikisa kichwa.

"Hii iko sawa kabisa, madam. Vioo hazijasonga hata kidogo."

"Inamkataa mtoto wangu tu."

"Basi huyo mtoto ndiye uletee fundi," Brayan alisema, akacheka peke yake.

Mtu mwingine angeirudisha kamera siku hiyohiyo. Elieth hakuweza. Alitaka kujua ubovu uko wapi, na kwa kuwa ubovu ulionekana kwa Wegesa peke yake, alimkalisha kwenye kigoda kila alipotoka shule. Kila siku yule wa pili alisogea karibu zaidi. Elieth alifurahi, masikini. Alijiambia kwamba grisi iliyoganda inalainika, kwamba mashine inarudi katika hali yake, na kwamba Maduhu hakumdanganya.

Mchana mmoja wa jua kali wale wawili kidirishani walibakiza kidogo tu kuungana. Wegesa alikuwa akicheka kwa sababu ya kuku aliyemkanyaga mguu. Elieth alizungusha pete taratibu, akaona kwamba yule wa pili hacheki, kwamba amemkazia macho yeye aliyeko nyuma ya kioo, lakini vidole vyake vilivyozoea kazi vilikuwa vimeshamaliza, wawili wakawa mmoja, na kamera ikalia.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Wegesa alikuwa ameacha kucheka.

Tangu hapo nyumba ilinuka shimo. Mbuzi walivuta kamba kila mtoto alipopita, na mtoto mwenyewe alikula, akaoga, akajibu alichoulizwa kwa sauti ileile, ila hakupepesa macho. Jumamosi alilala mchana, na Elieth, akiinama kumfunika kanga, aliweka sikio kifuani pake kama alivyokuwa akifanya tangu alipomzaa, akasikia, badala ya moyo, nyundo na tindo vikigonga mwamba, mbali sana chini, vikigonga, vikitulia kana kwamba mgongaji naye ameinua kichwa kusikiliza, kisha vikigonga tena.

Alitoka nje akampigia simu Maduhu.

"Uliijaribu kwa mtu?" Maduhu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa mwanangu."

"Mimi nilikuwa napiga picha za mawe tu, dada," Maduhu akasema, akakata simu.

Wazee wa kanisa walikuja wakaomba. Mtoto aliimba nao bila kukosea, na chini ya wimbo nyundo haikukoma. Basi Elieth, aliyekuwa akiwasema wenzake wanaokwenda kwa waganga, alimchukua mwanawe na kamera hadi Kisaka, kwa bibi Nyangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi alimnusa mtoto kichwani, akarudi nyuma upesi. "Uliwaunganisha kwa mkono wako. Utawatenganisha kwa mkono huohuo."

Mtoto alikalishwa kwenye kigoda katikati ya ua. Elieth aliweka jicho kidirishani, akairudisha pete nyuma kidogo kidogo huku jasho likimwingia machoni, mpaka Wegesa akachanika wawili, mmoja amebaki kigodani, mwingine amesimama pembeni kwenye kimraba, hafifu, sura ileile, sare ileile ya shule.

"Nawaona wawili," alinong'ona. "Bibi, wangu ni yupi?"

"Mwite. Atakayeitika ni wako. Asiyeitika namfukuza."

"Wegesa!"

"Abee, mama," mtoto wa kigodani aliitika, haraka, kwa sauti tamu.

Elieth alilia kwa furaha. Bibi alimwaga dawa kwenye makaa, moshi ukafunika ua, akapiga kelele kwa Kikurya akiamuru kilichokuja kirudi shimoni kilikotoka, na ndani ya kimraba yule hafifu akaanza kuvutwa nyuma, polepole, kana kwamba ameshikwa nywele, akinyoosha mikono yote miwili kumwelekea Elieth, akifungua mdomo na kuufunga, akifungua na kuufunga, neno lilelile fupi, na Elieth, ambaye miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusikia sauti ikitoka kwenye kioo, akaelewa kwamba mtoto huyo naye alikuwa ameitika.

"Bibi, acha! Acha, siye huyo!"

"Kimekwenda," bibi alisema akifuta mikono. "Kimekwenda kabisa."

Kimraba kilikuwa kitupu. Elieth alikipigia kelele, "Wegesa! Wegesa!" mpaka sauti ikamkauka, na mkono mdogo ukamgusa begani.

"Unamwita nani, mama? Mimi niko hapa."