Pedi ya Boti, Gari la Mkwe

Asubuhi katika karakana ya Nahodha huanza kwa maji. Mke wake, Mama Pacha, hufungua bomba na kuosha magari yaliyolala uani. Nahodha hufagia, hutandika turubai, kisha huchomeka mashine ya kung'arishia kwenye umeme. Jina la Nahodha ni la utani tu. Bwana huyu hajawahi kuendesha boti hata siku moja. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzing'arisha boti zikiwa nchi kavu, na kuogelea anajua kama jiwe linavyojua. Lakini mtaa ukishakupa jina, umekupa.

Mwishowe alifungua karakana yake mwenyewe, kando ya barabara iendayo kwenye maji. Hapo zilipita boti zikivutwa na magari. Basi akaandika ukutani kwamba anang'arisha magari na boti. Boti alizijua vizuri. Magari alikuwa bado anajifunza, ila hilo hakuliandika ukutani.

Boti ya faiba, ile ya plastiki ngumu, ikikaa juani muda mrefu hupauka. Ukiipapasa, unga mweupe hubaki kiganjani. Kwa kazi hiyo Nahodha alikuwa na pedi moja ya sufu ya kondoo, duara nene la kusugulia, aliyoipenda sana. Nyuzi zake zilikuwa nene, zimesokotwa kama kamba ndogo ndogo. Aliifunga kwenye mashine, akapaka dawa ya kung'arishia, akakandamiza kwa nguvu za bega, na boti ikarudi ujana. Mwisho wa kazi alifumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja kikitoka safi, na pale pakiteleza, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kwa boti hakuwahi kukosea.

Siku moja baba mkwe wake alikuja na gari lake. Hapa lazima nikusimulie kidogo habari za mzee huyu, maana bila hivyo hutaona uzito wa jambo. Alikuwa dereva wa mabasi mpaka alipostaafu. Watu humwita Mzee Breki, kwa sababu hukanyaga breki kabla ya kila jambo, hata kabla ya kuitikia salamu. Nahodha alipokwenda kuposa, mzee alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema kwamba boti haina breki, na mtu aliyezoea kitu kisicho na breki hakabidhiwi mtoto wa watu. Binti akasema kama si huyo, basi hakuna mwingine. Mzee akakubali kwa mdomo tu. Tangu ndoa ifungwe, kila alipokuja kuwatembelea aliliacha gari lake mbali, kule kwenye kona, mahali ambapo mkwe wake asingelifikia hata kwa kitambaa.

Siku hiyo aliliingiza mpaka uani. Lilikuwa gari la zamani, la bluu iliyokolea, limetunzwa kama mboni ya jicho. Rangi ilikuwa imefifia kidogo tu kwenye boneti. Mzee akampa Nahodha ufunguo. Akasema anakwenda kumwona rafiki yake mtaa wa pili, atarudi alasiri, na angependa alikute boneti linang'aa. Akaondoka kwa miguu.

Mama Pacha alibaki ameshika mpira wa maji, maji yanamwagika miguuni pake. Alimwambia mumewe kwamba baba yake hajawahi kumpa mtu ufunguo ule, hata kaka zake. Nahodha akajua maana yake. Miaka yote hiyo alikuwa mkwe kwa jina tu. Leo alikuwa anajaribiwa, na kazi ya leo ndiyo ingesema kama yeye ni mtu wa kuaminiwa au la.

Basi, kwa furaha, akachukua kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akachukua pedi yake ya boti.

Alifanya kazi chini ya paa la bati, kivulini. Akapaka dawa, akakandamiza kwa bega, mashine ikanguruma. Alipomaliza boneti akafumba macho, akapitisha kiganja. Pakateleza kama sabuni. Akatabasamu peke yake. Mama Pacha akataka kupiga picha ili mama yake aone, kwa hiyo wakalisukuma gari mpaka juani.

Mama Pacha akainua simu, halafu akaishusha.

Juani boneti lote lilikuwa limejaa mikwaruzo ya duara. Duara juu ya duara, kila upande, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kivulini hakuna aliyeiona. Nahodha akapapasa tena, akapapasa mara nyingine. Mkono ulimwambia kazi ni safi.

"Baba hatalipapasa gari," Mama Pacha akasema. "Atalitazama."

 Nahodha akasema ataongeza dawa na kukandamiza zaidi, mpaka mikwaruzo itoke. Akaishika mashine. Mama Pacha hakubishana naye. Alikwenda ukutani akachomoa waya wa umeme, akaushika mkononi. Akamwambia avuke barabara akamwite Fundi Rangi, yule mama anayepuliza magari rangi. Nahodha akasita. Juzi tu alikuwa amemtambia Fundi Rangi kwamba gari ni boti ndogo yenye magurudumu, hakuna cha ajabu. Angemwendeaje sasa?

"Mficha uchi hazai, Baba Pacha," mkewe akasema. "Nenda."

Akaenda, shingo upande.

Fundi Rangi alikuja na ovaroli yake yenye rangi zote za dunia. Alicheka kidogo, si sana, maana ni jirani mwema. Kisha akainama na kulitazama boneti kwa ubavu, jua likimpiga usoni. Akauliza ni pedi gani iliyotumika. Nahodha akampa.

"Hii ni pedi nzuri," Fundi Rangi akasema. "Umeipa kazi isiyo yake."

Akaanza kueleza, taratibu, huku akiifungua sufu kwa vidole. Boti ya faiba ina ngozi nene. Ile ya juu ikifa na kuwa unga, lazima ikwanguliwe ili nzima itokee. Nyuzi zilizosokotwa zinakwangua sana, ndiyo maana boti inang'aa. Gari ni jambo jingine. Juu ya rangi ya gari kuna tabaka moja angavu, kama vanishi, na ni jembamba kuliko karatasi. Pedi ya boti ikilipitia hulichanachana. Gari jeupe linaweza kukufichia siri. Gari la rangi iliyokolea halifichi kitu.

"Ungeendelea kukandamiza ungeifikia rangi yenyewe," akasema. "Hapo hakuna kung'arisha tena, ni kupuliza upya. Ungekuwa mteja wangu, na nisingekukatalia."

Nahodha akauliza atajuaje pedi ya kununua. Kule dukani, alisema, ukiuliza unaambiwa zote ni namba moja.

Fundi Rangi akatoa mfuko wake. Ndani kulikuwa na pedi nyingine ya sufu, nyeupe, imejaa, nyuzi zake zimeachwa huru bila kusokotwa. Akamwambia aweke ile ya boti kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, kisha aweke hii. Ile ya boti ilikwaruza. Hii ilikuwa kama mgongo wa mwanakondoo. Hiyo ndiyo ya gari, akasema, na hata ya boti ambayo haijapauka sana. Ile iliyosokotwa ibaki kwa boti iliyochakaa.

Halafu akang'oa uzi mmoja mmoja kutoka pedi mbili nyingine za kwenye mfuko wake, wakaenda pembeni, mbali na mafuta, akaziwasha nyuzi hizo kwa kiberiti, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulinuka kama nywele zilizoungua, yakabaki majivu yanayovunjika. Hiyo ni sufu ya kweli. Wa pili uliyeyuka ukawa tone gumu. Hiyo ni plastiki iliyovaa nguo za kondoo, Fundi Rangi akasema. Inashika joto haraka, na joto huunguza rangi. Akamwonyesha pia kwamba pedi lazima iwe pana kidogo kuliko sahani ya mashine inayoishikilia, ili ule ukingo mgumu wa sahani usiliguse gari.

"Na kabla ya yote, jaribu sehemu ndogo," akasema. "Anza na pedi iliyo laini kuliko zote. Ikitosha, acha hapo. Isipotosha, panda kidogo."

Nahodha akasema si afadhali kuanza na ngumu, kazi iishe mapema.

"Ukianza na ngumu huna pa kurudi. Kilichokwanguliwa hakirudi."

Wakaanza. Mama Pacha aliosha boneti, akabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, kwa sababu kwenye kingo rangi ni nyembamba zaidi na huungua upesi. Nahodha akafunga pedi laini, akapaka dawa kidogo, akaiwasha mashine kwa mwendo wa chini. Jambo gumu kwake lilikuwa bega. Lilizoea kusukuma. Fundi Rangi alikuwa akimgusa kila mara kumkumbusha kwamba uzito wa mashine peke yake unatosha. Kila baada ya muda mfupi walisimama, wakaichana sufu kwa brashi kutoa dawa iliyoganda. Kisha wakamalizia kwa pedi ya sponji na dawa nyingine iliyo laini zaidi. Dawa mbili hazichanganywi kwenye pedi moja, Fundi Rangi alisema, la sivyo ile kali itaendelea kukwaruza pale unapotaka kulainisha.

Nusu ya boneti ikarudi. Bluu yake ilikuwa nzito, safi, unaona mawingu ndani yake. Nahodha akashusha pumzi. Akageuka kuchukua kitambaa, akamwona Mzee Breki amesimama getini. Rafiki yake hakuwepo nyumbani, kwa hiyo alikuwa amerudi mapema.

Mzee akakaribia. Akaitazama nusu iliyong'aa, akaitazama nusu yenye mikwaruzo. Fundi Rangi akageukia upande mwingine akajifanya anakunja waya. Mama Pacha alishika ndoo tupu kwa mikono miwili.

"Hii mikwaruzo," mzee akauliza, "ilikuwepo?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Gari ni la zamani. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeisha. Nahodha alitaka kulisema, sitakudanganya. Lilimfika kwenye ulimi.

"Haikuwepo, Baba," akasema. "Nimeitia mimi, leo asubuhi. Nilitumia pedi ya boti."

Mzee akainama kuitazama mikwaruzo kwa karibu. Nahodha akaendelea bila kungoja. Akaeleza yote: nyuzi zilizosokotwa na zilizo huru, ngozi nene ya boti na ile nyembamba ya gari, jinsi kiganja kilivyomdanganya kivulini, na jinsi jirani alivyokuja kumfundisha. Akampa pedi zote mbili. Mzee akazifungua nyuzi kwa vidole, moja baada ya nyingine. Akaziweka kwenye ngozi ya mkono kama alivyoambiwa. Kisha akanyoosha mkono, akasema anataka kujaribu mwenyewe hiyo nusu iliyobaki.

Nani atamkatalia baba mkwe? Nahodha akampa mashine.

Mzee aliiwasha na kuiegemea kwa mwili wote, kama alivyokuwa akikanyaga pedali ya basi lililojaa. Nahodha akasahau heshima zote za ukwe. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

"Baba, usikandamize. Ondoa nguvu."

Mama Pacha akafumba macho. Hakuna mtu aliyewahi kumwamuru baba yake namna ile. Mashine ikaendelea kuzunguka.

"Hivi?" mzee akauliza.

"Legeza zaidi. Iache yenyewe ifanye kazi."

"Sawa, fundi," mzee akasema, akalegeza.

Nahodha alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Wakaimaliza ile nusu pamoja, mkono juu ya mkono, na ilipofika alasiri boneti lote lilikuwa la rangi moja.

Siku hizi pale karakana pedi za boti zina ndoano zake, na za magari zina zake, mbalimbali. Boti iliyopauka ikija, ile iliyosokotwa inashushwa na kufanya kazi yake barabara. Gari likija, wanaanza na laini, na kazi hukaguliwa juani kwa macho. Jioni Mama Pacha hufua pedi kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, huzichana, na kuzikausha kivulini, kwa sababu maji ya moto huifanya sufu ijikunje na kuwa ngumu. Wateja wameongezeka, na Fundi Rangi hulalamika kwa mzaha kwamba jirani amemnyima kazi.

Wiki moja baada ya siku ile Mzee Breki alirudi, safari hii pamoja na yule rafiki yake na gari la rafiki, jeusi tii. Rafiki akasimama getini na ufunguo mfukoni. Akamuuliza mzee, kwa sauti ambayo Nahodha aliisikia, kama huyu kijana anaaminika kweli.

"Langu aliliharibu," mzee akasema, "na akaniambia mwenyewe. Fundi wako amewahi kukuambia?"

Rafiki akatia mkono mfukoni. Kisha akatoa ufunguo.