Kadi Ishirini na Nne za Watoto Wachanga

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alianza siku kwa kufagia chumba cha cherehani. Alifagia chini ya meza, akabandua nyuzi zilizong'ang'ania ufagio, kisha akapitisha kitambaa kikavu juu ya mashine mbili za shangazi yake. Jina la Chiriku alipewa nyumbani, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata akipiga mswaki alikuwa na jambo la kusimulia.

Shangazi yake alikuwa fundi wa kutarizi kadi. Kabla ya kukanyaga mashine alifumba macho kidogo, akamkabidhi Mungu mikono yake. Kisha alikaza kitambaa cheupe kwenye fremu ya duara, akaweka pamba nyembamba chini yake, akakisogeza huku na huku wakati sindano ikipanda na kushuka. Ukitazama ungedhani sindano inachora. Mara bata, mara nyota, mara soksi za mtoto. Picha ikimalizika aliikata na kuibandika kwa gundi nyuma ya dirisha dogo alilolikata kwenye karatasi ngumu. Kwa sababu ya ile pamba, picha ilituna na kuwa laini kama mto.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja kubwa. Sindano ikivunjika, kazi inasimama. Vipande vyote vinatafutwa na kupangwa mezani mpaka sindano ionekane nzima, ndipo inatolewa mpya.

Likizo hiyo Chiriku aliruhusiwa kutarizi kwa mara ya kwanza. Katika wiki mbili alikuwa amevunja sindano mbili.

"Wewe unashona kwa mikono au kwa mdomo?" Shangazi alimuuliza. "Ukivunja ya tatu, utarudi kwenye mkasi ukate karatasi mpaka shule ifunguliwe. Nisikuone hapa kwenye mashine!"

Wiki hiyo mkunga wa zahanati ya jirani aliagiza kadi ishirini na nne za kuwapa akina mama wanaorudi nyumbani na watoto wao. Shangazi alimpa Chiriku bata wanane awatarizi. Rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyeitwa Mashavu, alikuja kusaidia kupaka gundi.

Alhamisi mchana Shangazi alitoka kwenda kununua uzi wa manjano. Chiriku akawa anamsimulia Mashavu habari za kuku aliyeingia darasani wakati wa mtihani.

"Akapanda juu ya meza ya mwalimu, akakaa kama yeye ndiye msimamizi!" alisema, akacheka, na katika kucheka akaivuta fremu wakati sindano iko chini.

Tak!

Kisiki cha sindano kilibaki kwenye mashine. Ncha haikuonekana. Walipiga magoti, wakapapasa sakafu, wakakung'uta sketi zao. Hakuna kitu. Mara wakasikia nyayo za Shangazi barazani. Haraka haraka Chiriku alifungua kisiki, akakitia mfukoni, akachomoa sindano mpya kwenye kikasha.

"Mwambie," Mashavu alinong'ona.

"Ili nirudishwe kwenye mkasi? Kipande kimeanguka hapo chini tu. Nitakifagia kesho."

"Haya. Lakini mimi simo."

"Nani kakuweka? Paka gundi!"

Kesho yake Chiriku alifagia mara tatu. Alimimina takataka kwenye gazeti, akazichambua uzi mmoja mmoja. Ncha haikuwemo. Wakati wa chakula alikula bila kusema neno. Shangazi akanyoosha mkono, akamgusa paji la uso.

"Una homa, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi."

"Mbona leo nasikia mpaka saa ya ukutani?"

Chiriku alitabasamu kwa shida, akainamia sahani yake.

Alasiri mkunga alibisha hodi. Kadi zote zilikuwa tayari, zimepangwa ndani ya boksi na kufungwa utepe.

"Fundi, mikono hii ibarikiwe," mkunga alisema. "Unajua ile kadi ya mfano uliyonipa? Mama mmoja alimlaza mtoto wake juu yake, shavu limegusa picha. Eti huo ndio mto wake wa kwanza! Katoto ka siku mbili, kakalala hapo hapo."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Chiriku hakucheka. Alijiona akikiona kile kishavu, na chini yake, ndani ya pamba, kitu chembamba chenye ncha. Mkunga aliaga, akaondoka na boksi lake kwapani.

Chiriku alihesabu hatua zake mpaka hakuzisikia tena. Ghafla akaruka kutoka kwenye kiti, akakimbia peku mpaka barabarani. Alimkuta mkunga kwenye kona.

"Usiende nazo!" alilia, ameng'ang'ania boksi. "Tafadhali! Kuna sindano ndani. Niliivunja mimi."

Walirudi pamoja. Chiriku alisimama mbele ya shangazi yake akaeleza yote, pamoja na ile sindano mpya aliyoichukua bila ruhusa. Shangazi hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Kisiki kiko wapi?"

Chiriku alikitoa mfukoni. Shangazi akakiweka juu ya karatasi nyeupe, akachukua sumaku aliyozoea kuokotea pini, akafungua utepe. Alianza na bata. Aliipitisha sumaku juu ya kila kadi polepole, karibu kabisa na nyuzi. Kwenye bata wa tano, kitambaa kiliinuka kidogo, kama kitu kilichopumua.

"Mungu wangu," mkunga alisema.

Shangazi alikata nyuzi, akachambua pamba, akatoa ncha fupi kuliko punje ya mchele. Mkunga alishusha pumzi. "Basi imeonekana. Tushukuru."

"Bado," Shangazi alisema. Alisogeza ncha karibu na kisiki. Havikukutana. Tundu la kupitishia uzi halikuwepo. "Ilivunjika vipande vitatu. Kama ungekitupa hiki kisiki, Chiriku, nisingejua."

Wakaendelea. Walimaliza bata, nyota na soksi, kadi zote, bila kupata kitu. Shangazi aliifungua mashine chini, mahali pa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaingiza sumaku kati ya vumbi na mafuta. Ilipotoka, kipande cha tatu kilikuwa kimenasa pembeni. Akavipanga vitatu mezani. Sindano ikaonekana nzima.

Chiriku akaanza kulia. Bila kuambiwa aliufuata mkasi wa karatasi, akakaa nao kwenye kona.

"Huo mkasi ni wa nini?" Shangazi aliuliza.

"Ulisema nikivunja ya tatu..."

Shangazi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Nisikilize. Sindano huvunjika. Mimi nimevunja nyingi kuliko nywele zako, wala hilo si kosa kubwa. Kosa lilianza ulipokitia kile kisiki mfukoni. Kuanzia hapo mtoto wa mwenzako alikuwa hatarini, na wewe peke yako ndiye uliyejua na ungeweza kumwokoa. Umechelewa usiku mzima na mchana wake. Lakini mwisho ulikimbia, tena bila viatu, na kwa hilo namshukuru Mungu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu. Nilikutisha sana na mkasi, mpaka ukaogopa kunieleza. Mungu anisamehe. Sasa tukubaliane hivi. Mashine zote mbili utazisafisha na kuzitia mafuta kila Jumamosi mpaka likizo iishe, hiyo ndiyo adhabu yako. Na siku nyingine ukiharibu kitu, njoo uniambie saa hiyo hiyo. Nitafoka kidogo, maana mimi pia ni binadamu. Nikimaliza kufoka, tutatafuta pamoja."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa kiganja.

"Haya, acha mkasi. Bata mmoja amepasuliwa tumbo, na mgeni wetu anasubiri. Ukae pale umshone mwingine."

Chiriku alikaa kwenye mashine. Alifumba macho kidogo, kisha akaanza, mikono ikisogea taratibu na macho yasibanduke kwenye sindano. Mkunga alikunywa chai bila haraka. Bata alipokwisha, Shangazi alipitisha sumaku juu yake, akambandika, akafunga boksi lenye kadi ishirini na tatu.

Ile ya ishirini na nne gundi yake ilikuwa haijakauka. Mkunga aliishika mkononi, akaondoka nayo ameinyanyua mbele yake, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni.